Mji Mkongwe kwa Ramani ya Simu

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mdogo. Kutoka bustani ya Forodhani, ufukweni, hadi soko la Darajani hapafiki kilomita moja, na mwenyeji huikata njia hiyo kwa robo saa. Mgeni aliyeshika simu huweza kuzunguka saa nzima, akapita mbele ya mlango uleule mara tatu. Programu za ramani zimebuniwa kwa miji yenye barabara zenye majina na nyumba zenye namba, na hapa njia nyingi ndani ya mji hazitoshi magari mawili kupishana. Anayejua ramani inakosea wapi ataitumia kwa faida. Anayeiamini kama kadhi atalala njaa.

Nukta inayoruka

Simu hujua ilipo kwa kupokea ishara za satelaiti. Penye anga wazi, kama Forodhani, kosa la kawaida ni kama mita tano. Hurumzi au Kiponda nyumba za ghorofa mbili tatu zimekaribiana hata mbingu ikabaki utepe, na ishara nyingi huifikia simu baada ya kugonga kuta. Nukta ya buluu, alama ya mahali simu ilipo, basi huruka hadi kichochoro cha pili, hurudi, kisha hutulia juu ya paa la msikiti. Kwenye barabara pana kosa la mita ishirini si kitu. Hapa ni mtaa mwingine kabisa.

Dira ya simu nayo huyumba. Kuizungusha simu hewani kwa umbo la nane huisaidia kiasi, lakini kipimo cha uhakika ni miguu: kutembea hatua kumi na tano, kisha kuangalia nukta imesogea upande gani. Muda unaokadiriwa na programu uzidishwe mara mbili.

Pini iko juu ya paa, mlango uko kwingine

Kero kubwa zaidi ni ya mlango. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kuvipiga picha visiwa vyake kwa droni, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayowezesha ramani za Unguja kuonyesha majengo kwa undani. Lakini droni huona mapaa. Baraza na milango haivioni. Pini ya nyumba ya wageni mara nyingi huwekwa katikati ya paa, na programu humpeleka mtu kwenye njia iliyo karibu zaidi na pini hiyo. Njia hiyo ikiwa nyuma ya nyumba, mgeni hujikuta na begi lake mbele ya ukuta usio na hata dirisha, simu ikimpongeza kwamba amefika.

Dawa ni kuuliza mapema. Nyumba ya wageni iombwe jina la mtaa na alama iliyo jirani: msikiti, skuli, kiwanja, duka la kona. Baada ya kuufikia mlango mara ya kwanza, mgeni akandamize kidole juu ya ramani hapo aliposimama na kuihifadhi sehemu hiyo. Pini yake mwenyewe itamfaa usiku kuliko ile ya programu.

Ramani bila bando

Google Maps huruhusu kupakua eneo na kulitumia bila intaneti. Wengi hupakua wakiwa Dar es Salaam, wakapanda boti wakiwa na raha. Raha hiyo huishia bandarini Malindi, kwa sababu bila intaneti programu hiyo hutoa maelekezo ya gari tu, si ya miguu. Katika mji wa vichochoro, maelekezo ya gari ni mapambo.

Organic Maps na OsmAnd hutumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayojazwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na hutoa njia za miguu hata simu ikiwa haina mtandao. Kwa kutembea Mji Mkongwe hizo ndizo za kutegemea. Google Maps ibaki kwa kazi inayoiweza: picha za karibuni, saa za kufungua na maoni ya wateja. Kumulika ramani mfululizo hula chaji haraka, kwa hiyo pawabenki ni mzigo wenye faida.

Kutafuta kilicho karibu

Mtu akiandika "mgahawa" akiwa Shangani, matokeo hayapangwi kwa umbali peke yake. Programu hupima pia jinsi mahali panavyolingana na neno na jinsi panavyojulikana, na baadhi ya pini zimelipiwa tangazo. Hoteli ya kitalii yenye maoni elfu moja itamfunika mama anayeuza urojo hatua chache kutoka hapo, ambaye hana pini kwa sababu hajawahi kuihitaji.

Neno mahususi huleta matokeo bora kuliko neno pana: "urojo" au "biriani" badala ya "chakula". Maoni yapangwe kuanzia mapya, na nyota ziachwe. Picha ya menyu iliyopigwa na mteja mwezi uliopita ina thamani kuliko sifa mia moja, kwa sababu inaonyesha bei. Mwezi wa Ramadhani saa zilizoandikwa zisiaminiwe: sehemu nyingi za kula hufungwa mchana na hakuna aliyebadilisha maandishi.

Vilivyokuzwa na vilivyofichwa

Ramani husukuma mbele nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury pale Shangani. Kwa asiye mpenzi wa bendi yake ni picha ya mlangoni na safari imekwisha. Beit al-Ajaib bado ni pini kubwa, ingawa sehemu ya jengo iliporomoka Desemba 2020. Linafaa kutazamwa kutoka nje. Vyakula vya usiku Forodhani vina jina kuliko ladha, na bei isiyoulizwa kabla ya kuketi huota mbawa wakati wa kulipa.

Muda uliookolewa hapo upelekwe Mkunazini. Kanisa la Anglikana limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na maonyesho ya historia hiyo yako kwenye kiwanja hichohicho. Kisha mtu aende Jaws Corner, njia panda ya mabaraza, kahawa chungu na mabishano ya siasa. Ramani huionyesha kama makutano tu. Misikiti nayo hutokea kama vivutio. Kwa asiye Muislamu ni ya kutazamwa kutoka nje, na kamera iombewe ruhusa.

Papasi na simu iliyoinuliwa

Mtu anayesimama katikati ya njia akigeuzageuza simu amejitangaza. Papasi, dalali wa mitaani, atatokea, atasema hoteli hiyo imejaa au imefungwa, na atajitolea kuonyesha nyingine. Kamisheni yake huingia ndani ya bei ya chumba. Jibu ni "ahsante, nimeshafika" na mwendo usiokatika. Ramani isomwe dukani au kwenye baraza, mgongo ukiwa ukutani. Hivyo hata mnyakuzi hukosa nafasi.

Aliye wa kuulizwa ni yule ambaye hakujileta: muuza duka, mzee wa barazani, mwanafunzi wa chuo. Salamu hutangulia. "Assalamu alaykum, samahani mzee, Soko Muhogo ni upande gani?" hufungua njia kuliko skrini iliyonyooshwa usoni, kwani wenyeji wengi hujua mitaa kwa majina na hawana haja ya kuisoma kwenye ramani.

Simu ikizimika

Mji Mkongwe ni rasi. Magharibi na kaskazini ni bahari. Mashariki ni barabara kuu ya Darajani, ambayo wengi bado huiita Creek Road. Alasiri jua huelemea baharini, kwa hiyo mwenye kulifuata hatimaye hutokea pwani, na mwenye kulipa mgongo hutokea sokoni. Jioni watu wenye vikapu huonyesha njia ya Darajani bila kuulizwa. Usiku vichochoro vitupu viachwe, njia yenye maduka ifuatwe hata ikiwa ndefu. Kwa upande wowote, kabla ya kilomita moja kuisha mtu huwa amefika ukingoni mwa mji, kwenye anga wazi, na hapo nukta ya buluu hurudi mahali pake.