KIDUHA, FUNZA WA MABUA, NA CHAKULA CHA UDONGO

Mkulima, ukiona mahindi yako yamedumaa na majani yake yamekuwa ya manjano, ingawa mvua imenyesha vema, usiseme upesi kwamba shamba limerogwa. Inama uitazame ardhi. Katika nchi za kando ya Ziwa Victoria, kama Siaya, Homa Bay, Busia na Mara, mara nyingi utaona kati ya mahindi mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Huo ndio kiduha, nao Wajaluo huuita kayongo. Maua yake yapendeza, lakini nyumba nyingi zimelala na njaa kwa ajili yake. Kisha pasua bua lililonyauka. Huenda ukakuta funza ndani. Maadui hawa wawili wakikutana katika shamba lililochoka, ghala huwa tupu kabla ya mavuno mengine kuja. Somo hili lataka kukuonyesha kwamba kuwafukuza na kuulisha udongo ni kazi moja.

1. Desturi za kiduha

Mbegu za kiduha ni kama vumbi, na mche mmoja waweza kuzaa mbegu 50,000 au zaidi. Hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Mvua peke yake haiziamshi. Huamka zionjapo utomvu utokao katika mizizi ya mahindi, mtama au uwele. Hapo kiduha hushika mzizi wa nafaka na kunyonya maji na chakula chake. Basi madhara makubwa hutendeka chini ya ardhi, kabla hujaona hata ua moja.

Tena mizizi ya nafaka iliyo katika udongo maskini humwaga zaidi utomvu ule uitao kiduha. Ndiyo sababu shamba lipandwalo nafaka juu ya nafaka, mwaka hata mwaka, pasipo samadi, huwa makao yake. Kung'oa kiduha kilichokwisha kutoa maua hakuokoi mahindi ya mwaka huu, lakini usiache kung'oa. Kitoe kabla hakijakomaza mbegu, ukichome nje ya shamba, ili usipande adui wa mwaka ujao.

2. Desturi za funza wa mabua

Funza hawa, ambao wengine huwaita vipekecha-bua, ni watoto wa nondo warukao usiku. Wako wa asili ya Afrika, wapendao sana nchi za juu zenye baridi, na wako waliotoka Asia, wapendao nchi za chini zenye joto. Nondo hutaga mayai juu ya mahindi machanga. Funza wakitoka hula majani ya moyoni, ukaona matundu yamejipanga mistari; kisha hutoboa bua na moyo wa mmea hufa. Mavuno yakiisha, funza hulala ndani ya mabua makavu mpaka mvua ije.

Hapa mkulima huingia mashakani. Akiyaacha mabua yamesimama, amemtunza adui. Akiyachoma, amemwua adui, lakini amechoma na chakula cha udongo. Njia iliyo bora ni hii: kata mabua mara baada ya kuvuna, uwape ng'ombe. Yanayobaki yalaze chini kwenye jua kali kwa muda wa mwezi, kisha yakatekate uyatie katika shimo la mboji pamoja na samadi.

3. Njia ya Sukuma-Vuta

Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE huko Mbita, wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, walifanya njia itumiayo mimea miwili. Wa kwanza ni majani ya tembo, yaani nepia. Hupandwa kuzunguka shamba, na nondo huyapenda kuliko mahindi. Hutaga humo, lakini utomvu wake unata, na funza wachanga wengi hufa. Wa pili ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, utambaao kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia kushika mahindi, nazo hufa. Tena hutia naitrojeni udongoni, hufunika ardhi isikauke, na ni chakula kizuri cha ng'ombe.

Fanya hivi:

(a) Panda nepia mistari mitatu kuzunguka shamba. Acha sentimita 75 kati ya mistari, na sentimita 50 kati ya mche na mche. Kutoka nepia hata mahindi acha mita 1.

(b) Panda mahindi kwa mistari ya sentimita 75. Katikati chora mfereji mdogo, uchanganye mbegu ya desmodiamu na mchanga mkavu, uipande, na kuifunika kwa udongo kidogo tu.

(c) Palilia kwa mkono majuma matatu baada ya kupanda, na tena baada ya majuma matano. Angalia sana usiing'oe desmodiamu ukidhani ni magugu.

(d) Nepia ikifika urefu wa mita 1 hata 1.5, anza kukata mstari wa ndani.

(e) Msimu ufuatao usiilime desmodiamu. Ipunguze, ulime mistari ya mahindi tu. Samadi ya ng'ombe walioila irudi shambani.

4. Mambo ya kufikiri kwanza

Msimu wa kwanza una kazi nyingi na faida chache, kwa kuwa desmodiamu hukua polepole. Ikiwa shamba ni la kukodi, patana na mwenyewe kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza, usije ukamtengenezea mwingine. Patana na majirani pia juu ya mifugo izururayo. Mama wa nyumba asihofu kukosa maharagwe: yaweza kupandwa katika mstari ule ule wa mahindi. Nepia ikidumaa na kuwa manjano, ing'oe, wala usichukue vipande vyake kupanda kwingine. Usipopata mbegu ya desmodiamu, pokezanya nafaka na kunde, karanga au soya. Mimea hii pia huamsha kiduha bila kukilisha.

Maswali

1. Kwa nini kiduha huzidi katika udongo uliochoka?
2. Mabua ya shamba lako yalikwenda wapi baada ya mavuno yaliyopita?
3. Ni sehemu gani ya shamba lako utakayoanza nayo mvua ijayo?