Kiwanja cha Kwanza: Kagua Kabla ya Kulipa

Anayeanza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba Dar es Salaam na viunga vyake huuliza kwanza bei: Chanika wanauzaje, Mapinga je, na ng'ambo ya Kigamboni? Bei isubiri. Kwanza jua anayekuuzia ana haki gani juu ya ardhi hiyo, na Serikali imeipangia nini. Wengi wanaoumia kwenye biashara hii hawaumizwi na bei kushuka. Wamenunua kitu ambacho muuzaji hakuwa na uwezo wa kukiuza.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Soma matumizi hayo, hesabu miaka iliyobaki, kisha omba risiti za kodi ya pango la ardhi. Malimbikizo yakiwepo, yataibuka siku ya kuhamisha umiliki.

Ukionyeshwa hati, chukua nakala yake, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ulipie upekuzi. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Usipokee upekuzi uliofanywa na dalali. Fanya wako, tena karibu na siku ya kulipa, maana rehani inaweza kusajiliwa baada ya upekuzi wa mwezi uliopita.

Ukiambiwa kiwanja "kimepimwa", hapo ndipo pa kusimama. Madalali wengi hukata shamba vipande kwa futi kamba, wakachomeka vigingi, wakatangaza viwanja vilivyopimwa. Kiwanja kilichopimwa kisheria kina namba, kitalu na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na pembeni kuna mawe yenye namba zake. Mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aende uwandani na ramani, afukue mawe, alinganishe vipimo. Huenda akakuta jiwe limehamishwa, au umeonyeshwa kiwanja kizuri huku hati ni ya kile cha bondeni. Mimi ningechukua kipande kidogo chenye hati kuliko ekari nzima yenye karatasi ya mauziano tu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri, lakini muhuri wake hauthibitishi umiliki.

Kisha nenda idara ya mipango miji ya halmashauri, uulize eneo limepangiwa nini. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kibaha zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro; hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, wakati Sheria ya Barabara ya 2007 inataja mita 30 kwa barabara kuu kwa ujumla. Aliyekariri mita 30 hakusalimika. Kigamboni nako, mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 uliwaacha wenye ardhi miaka mingi bila kujua waendeleze au wasubiri. Na kando ya mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Hata bila sheria hiyo, kakague kiwanja wakati wa masika. Kiangazi bonde la Msimbazi nalo huonekana pazuri pa kujenga.

Wahusika ni wengi kuliko anayekaa mezani. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, basi mke au mume asaini mbele ya wakili. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake tu. Zungumza na majirani wa pande zote bila dalali kuwepo. Ugomvi wa mpaka wao huufahamu.

Kama lengo ni nyumba ya kupangisha, piga hesabu bila kujipendelea. Nyumba ya shilingi milioni 60 inayopangishwa kwa 300,000 kwa mwezi inaleta milioni 3.6 kwa mwaka, yaani asilimia 6, kabla ya kutoa kodi ya mapato, matengenezo, dalali na miezi ambayo haina mpangaji. Hatifungani za Serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo bila kuziba paa linalovuja. Hivyo nyumba hiyo inakufaa tu kama una sababu ya kuamini thamani ya eneo itapanda: barabara inayojengwa, maji yanayofika, soko linalohamia.

Mkataba uandikwe na wakili wako. Utaje nani analipa kodi ya faida ya mauzo na nani ushuru wa stempu, na malipo yapite benki kwa awamu, sehemu kubwa ibaki mpaka umiliki usajiliwe kwa jina lako. Muuzaji akikuharakisha kwa kusema kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho na fedha taslimu, mwache amuuzie huyo. Ofisi ya ardhi ya mkoa ipo wazi siku za kazi. Nenda na nakala ya hati kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.