Vuna Nyasi Zako Mwenyewe kwa Ajili ya Kiangazi

Mvua zikinyesha vizuri nyasi ni nyingi kuliko mifugo inavyoweza kula. Miezi michache baadaye zimekauka, zimekanyagwa au zimeungua. Ndipo familia inapolazimika kununua malisho, au kuuza ng'ombe aliyekonda kwa bei anayoitaka mnunuzi. Wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro wanaukumbuka ukame wa mwaka 2009, na wapo waliobaki na zizi tupu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wamaasai hutenga alalili, Wasukuma hutenga ngitili, ili kuwe na eneo lisilochungwa wakati wa mvua. Kipeperushi hiki kinaongeza hatua moja tu: kukata sehemu ya nyasi hizo zikiwa bado na nguvu, kuzikausha na kuzitunza nyumbani. Nyasi hizo kavu huitwa hei. Haziwezi kulisha kundi zima, ila zinaweza kuokoa ndama na kuwaachia watoto maziwa.

Piga hesabu kwanza

Ndama wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 60 hula karibu kilo 2 za nyasi kavu kwa siku. Ukiwa na ndama 5 na unataka kuwalisha siku 60:

ndama 5 × kilo 2 × siku 60 = kilo 600

Robota moja lililofungwa kwa boksi la mbao huwa na kilo 15 hadi 20. Kwa hesabu ya kilo 15, unahitaji marobota 40. Ng'ombe mkubwa wa kilo 250 hula kilo 6 hadi 7 kwa siku, kwa hiyo kila unayemwongeza hupunguza akiba haraka. Kaeni kama familia mwamue ni wanyama gani mtakaowawekea akiba.

Namna ya kutengeneza hei

1. Kata kwa wakati. Wakati mzuri ni nyasi zinapoanza kuchanua, kabla mbegu hazijakomaa. Nyasi zilizozeeka hujaza tumbo lakini hazina lishe. Chagua siku ambazo mvua imepungua, maana hei iliyonyeshewa huoza.

2. Acha kisiki. Tumia mundu au fyekeo, ukiacha karibu sentimita 10 juu ya ardhi ili nyasi zichipue tena. Sehemu nyingine ya alalili usiikate kabisa, idondoshe mbegu za mwaka ujao.

3. Ondoa magugu. Usichanganye mimea yenye miiba au sumu. Jihadhari na gugu karoti: linadhuru mifugo na linaharibu ladha ya maziwa. Unapoling'oa, funika mikono, kwa kuwa huwasha ngozi.

4. Anika na geuza. Tandaza nyasi juani siku 2 hadi 3, ukizigeuza kila siku. Sokota fungu mkononi: likitoa unyevu, bado. Usizidishe jua pia. Hei nzuri hubaki na rangi ya kijani na harufu tamu.

5. Funga marobota. Tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Tandika kamba mbili za katani ndani yake, ncha zikining'inia nje. Jaza nyasi, kanyaga kwa miguu, ongeza, kanyaga tena. Boksi likijaa, funga kamba kwa nguvu, kisha livute boksi juu. Boksi moja linatosha boma kadhaa zikilitumia kwa zamu.

6. Hifadhi pakavu. Panga marobota juu ya kichanja, chini ya paa lisilovuja, mbali na moto wa jikoni. Baada ya siku chache ingiza mkono katikati ya robota. Ukihisi joto, lifungue ulianike upya: nyasi zilizofungwa mbichi huota ukungu, na zinaweza kushika moto zenyewe.

Nani alishwe kwanza?

Akiba ikigawiwa kwa kundi zima huisha kwa siku chache na hakuna atakayenenepa. Anza na ndama, kisha ng'ombe wenye mimba kubwa na wanaonyonyesha, kisha wagonjwa. Madume makubwa na mitamba yenye nguvu iendelee kutafuta malisho mbali.

Anza kuwalisha kabla hawajadhoofu. Ng'ombe aliyekwisha kulala chini ni vigumu kumwinua kwa hei. Wape kidogo kidogo siku za mwanzo, wazoee. Hei ni kavu, kwa hiyo maji yawe karibu, na chumvi au magadi yasikosekane. Maganda ya mgunga yaliyookotwa na kutwangwa ni nyongeza nzuri, hasa kwa mbuzi. Hei yenye ukungu usiwape kabisa. Inaweza kuwaua au kusababisha mimba kutoka.

Anza mwaka huu

Usisubiri uweze kufunga marobota 100. Kumi ya kwanza yatakufundisha kukausha na kuhifadhi, na yatamsaidia ndama mmoja wakati wa kiangazi. Kubalianeni na majirani mapema ni sehemu gani ya alalili itakatwa na nani atailinda isichungwe wala kuchomwa moto. Kwa mimea usiyoifahamu, mwulize afisa mifugo wa kata yako, na waulize wazee pia.

Kumbuka: bei ya nyasi hupanda wakati mfuko wako umeshuka. Nyasi za bei nafuu ni zile ulizokata mwenyewe mvua ilipokuwa imetoka kunyesha.