Maji ya Jinja na Maji ya Mbale

Kwetu ni Mbale, nami nasoma Jinja. Miji hii miwili ilifanywa majiji mwaka 2020, lakini maji yake hayafiki kwa njia moja.

Mbale iko chini ya Mlima Elgon, na mito hutelemka kutoka huko juu. Jinja iko mahali mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Jina lake maana yake ni mawe. Maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia Speke mwaka 1862, yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Hapa ziwa liko chini kuliko nyumba, kwa hiyo maji huvutwa kwa pampu, husafishwa, hutiwa dawa, ndipo huingia mabombani. Umeme ukikatika, pampu husimama.

Siku moja mifereji ilikauka, tukaenda kuoga ziwani. Baadaye rafiki yangu akaugua kichocho. Mimi nilidhani kuchemsha maji ya kunywa kwatosha. Kumbe sivyo! Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wadogo wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu anayeoga. Dawa ipo, naye alipona, lakini aliyepona akirudi ziwani aweza kuambukizwa tena.

Basi, ndugu wasomaji, tuwe na mapipa. Maji ya ziwa yasiyo na konokono yakikaa siku mbili pipani, vijidudu hivyo hufa. Hayo ndiyo ya kuogea mifereji inapokauka.