SOMO: Wachezaji bora wa Englebert katika miaka ya vita



Katika kambi na vijiji tunavyotembelea, swali moja linarudi kila mara: je, mpira wa miguu unaweza kusaidia amani, au unawapotezea vijana muda tu? Kuna wazazi wanaosema kwamba mtu aliyepoteza shamba hana haja ya mpira. Kuna viongozi wanaoogopa kwamba mechi kati ya wahamiaji wa vita na wenyeji itaishia kwa mawe. Hofu hizo ni za kweli. Ili tuweze kujibu, katika somo hili tunachukua mfano wa nchi yetu wenyewe: timu ya Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo inaitwa TP Mazembe, katika miaka ya 1960.

1. Miaka yenyewe ilikuwaje?

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mji wa Élisabethville, ulioitwa Lubumbashi kuanzia 1966, uliona mapigano kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga mwezi wa Septemba 1961, tena Desemba 1961, tena mwisho wa 1962. Kujitenga kuliisha Januari 1963.

Wazee wengine wanakumbuka jambo jingine. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbia nyumba zao na kukusanyika katika kambi kubwa karibu na mji, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1962 wengi wao walisafirishwa kwenda Kasai ya Kusini na Katanga ya Kaskazini. Kwa hiyo maisha ya kambi hayakuanza na sisi. Babu zetu nao walilala chini ya maturubai wakingojea habari za kwao.

Baada ya hapo yakaja maasi ya 1964 upande wa mashariki, kisha uasi wa askari wa kukodiwa huko Kisangani na Bukavu mwaka 1967.

2. Timu ilitoka wapi?

Timu ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa shule. Kwanza iliitwa Saint Georges. Baadaye ilichukua jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la matairi. Mwaka 1966 ilishinda mashindano ya taifa, ndipo ikaongezewa jina la Tout Puissant, maana yake «mwenye nguvu zote». Jina la Mazembe lilikuja miaka ya 1970.

Tuangalie tarehe vizuri. Vita vya kujitenga viliisha 1963. Miaka mitatu baadaye timu ya mji uleule uliotaka kujitenga ikawa bingwa wa Kongo nzima. Mwaka 1967 ikaenda kuwakilisha Kongo nzima mbele ya Afrika.

3. Wachezaji ambao watu hawawasahau

Kazadi Mwamba alikuwa mlinda lango. Alizaliwa 1947, kwa hiyo nchi ilipopata uhuru alikuwa mtoto wa miaka 13. Umri wake wote wa kukua ulipita katika vurugu. Watoto wa umri huo tunao kambini, na mara nyingi makundi yenye silaha ndiyo yanawatafuta wa kwanza. Kazadi yeye alipata timu, akapata mazoezi. Mwezi wa Januari 1968, katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ethiopia, alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kuliko wote.

Kalala Mukendi alikuwa mfungaji. Katika fainali ya kombe hilo, tarehe 21 Januari 1968 mjini Addis Ababa, Kongo ilipambana na Ghana, iliyokuwa imechukua kombe mara mbili mfululizo, 1963 na 1965. Kongo ilishinda 1–0, na bao lilikuwa la Kalala. Baadaye hakuacha mpira: akawa kocha, akawafundisha wadogo zake.

Nyuma yao walifuata wengine. Bwanga Tshimen alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, na mwaka 1974 yeye, Kazadi na Mwanza Mukombo walikuwa katika timu ya taifa iliyokwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani.

Majina kama Kazadi, Kalala na Mukendi yanasikika sana Kasai. Lakini uwanjani Lubumbashi walishangiliwa kama watoto wa mji. Mtu aliyepiga makofi hakuuliza kwanza kabila la aliyeokoa bao.

4. Kushinda na kushindwa kwa sheria

Englebert ilicheza fainali nne za mabingwa wa Afrika mfululizo, kuanzia 1967 hadi 1970. Ilichukua kombe la 1967 na la 1968. Fainali za 1969 na 1970 ilishindwa.

Fainali ya 1967 ina fundisho la pekee. Ilichezwa Novemba, mwezi uleule ambao askari wa kukodiwa walitoka Bukavu na kukimbilia Rwanda. Dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana, mechi ya kwanza ilikuwa 1–1, ya pili 2–2. Ikapangwa mechi ya tatu nchini Kamerun. Kotoko hawakufika, na Englebert wakapewa kombe. Ushindi kama huo unaacha uchungu moyoni mwa upande mwingine. Lakini Kotoko walirudi katika fainali ya 1970, wakakutana tena na timu ileile, wakashinda kwa 1–1 na 2–1. Deni la uwanjani lililipwa uwanjani. Sisi tunaojua namna madeni ya ardhi na ya ng'ombe yanavyolipwa kwa panga, tufikiri juu ya jambo hilo.

5. Mpira haukuweza nini?

Tusidanganyane. Utawala wa Mobutu, ulioshika nchi Novemba 1965, ulitumia ushindi wa mpira kujisifu. Na mwaka 1992 na 1993, katika Katanga ileile iliyowashangilia akina Kazadi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa makundi. Familia zilingoja treni kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi kwa majuma na miezi, na wengi, hasa watoto, walifia hapo.

Makombe hayakuzuia hayo. Kwa nini? Kwa sababu furaha ya dakika tisini haichukui nafasi ya haki. Wanasiasa walipowaambia watu kwamba jirani ndiye anayewanyima kazi, hapakuwa na mahali pa kuzungumzia kazi, ardhi na uongozi bila matusi. Mpira unafungua mlango. Lakini wakubwa ndio wanaopaswa kuingia na kuketi.

6. Tufanye nini?

– Tusiunde timu kwa kabila, wala wahamiaji upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Tuwachanganye ndani ya kila timu.
– Tukubaliane sheria na mwamuzi kabla ya mechi, tena mbele ya pande zote. Tuseme pia mapema: mechi ikiisha sare, tutafanya nini?
– Tusikubali jezi za mwanasiasa wakati wa uchaguzi. Anayetoa jezi leo ataomba vijana kesho.
– Wasichana wapewe saa yao ya uwanja, isiyo ya usiku.
– Baada ya mechi, wazee wa pande zote wakae pamoja kuzungumza neno moja zito: kisima, shamba au soko.
– Kijana aliyetoka katika kundi lenye silaha apewe kazi katika timu, hata kama hajui kucheza: kutunza mipira, kuandika majina, kuchora mistari ya uwanja.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Hapa kwetu, ni nani anayeshangiliwa na watu wa pande zote? Anaweza kutusaidiaje?
2. Watoto wetu wa miaka 13 wanapitisha wapi mchana wao? Nani mwingine anawatafuta?
3. Ni neno gani tunaliogopa sana kuzungumza na wenyeji wetu? Tunaweza kulianza siku gani, na nani aanze?

Majibu yaandikwe na katibu wa kamati. Tutakapopita tena tutayasoma pamoja nanyi.