Kiolezo cha Barua Pepe

Wakulima wa Lushoto, katika Milima ya Usambara, hupeleka kabichi na karoti Tanga na Dar es Salaam. Mboga huharibika upesi. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kupata habari mapema.

Karani anayetuma habari hizo kila siku kwa barua pepe hurudia maneno yale yale. Ili asipoteze muda, huandika barua moja yenye nafasi wazi, akaihifadhi katika kompyuta. Barua hiyo huitwa kiolezo. Tazama mfano huu:

Ndugu ............,
Leo, tarehe ............, tumepakia magunia ............ ya karoti. Gari litafika saa .............
Ahsante.

Kila siku karani hunakili kiolezo, hujaza nafasi, kisha hutuma nakala. Kiolezo chenyewe hubaki katika kumbukumbu ya kompyuta kama kilivyokuwa.

Kumbuka: kompyuta haijui kama habari ni za kweli. Karani akikosea akajaza idadi kubwa kuliko iliyopakiwa, mnunuzi atangojea magunia yasiyokuwapo. Soma kwanza, ndipo utume.

Zoezi
1. Ni maneno gani katika mfano hayabadiliki?
2. Kwa nini karani hutuma nakala, wala si kiolezo chenyewe?
3. Andika daftarini kiolezo cha taarifa ya mvua ya kila siku shuleni kwenu.