Dondoo muhimu: Bujumbura hadi Rumonge kando ya ziwa

Kilomita kama 75 tu, watu husema, kwa nini kuondoka alfajiri? Kwa sababu ratiba ya barabara hii hupangwa na Ziwa Tanganyika. Wavuvi hukesha na taa majini, hurudi kunapopambazuka, na ndagala (dagaa) huanikwa jua likianza kuwaka; ukifika saa tano utakuta wamekauka nusu na wanunuzi wameshatawanyika. Tazama mwezi pia: ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi hupumzika. Simama kwanza Mugere, penye jiwe la Livingstone na Stanley waliopita hapo Novemba 1871. (Wengine hudai ndipo walipokutana. Hapana, ni Ujiji, wiki chache kabla.) Kwenda kusini maji yako kulia, kwa hiyo anayependa kutazama akae upande huo.

Wapo wanaoshauri kungoja mvua, milima inapokuwa kijani na ng'ambo ya Kongo kuonekana wazi. Kweli inapendeza, lakini miteremko ya Gitaza, kwenye barabara hii, iliporomoka mwaka 2015, ikaua watu na kufunga njia. Juni hadi Agosti kuna ukungu wa vumbi, ila barabara ni salama zaidi. Mimi ningechagua miezi hiyo. Jaza tangi kabla ya kutoka mjini, maana mafuta huadimika. Rumonge ni mji wa mawese: beba dumu lenye kifuniko kinachobana. Kabla ya kuoga ziwani, uliza wenyeji kwanza. Viboko na mamba wapo.